Mkono Unaouma na Kazi Isiyosubiri

Fundi cherehani akikwambia mkono unamuuma, usikimbilie kuilaumu cherehani. Mwulize habari za mkasi. Cherehani kwa kawaida inaendeshwa na miguu au mota, na kazi ya mkono pale ni kuelekeza kitambaa tu. Lakini kabla kitambaa hakijafika chini ya sindano kimekatwa, na kikitoka hapo kitafumuliwa palipokosewa, kitapigwa pasi, kitatiwa vifungo na kupindwa kwa mkono. Humo ndimo mkono unamoumia. Jioni akifunga kibanda, kama ni mama, anarudi nyumbani kufua, kukamua, kukuna nazi na kusonga ugali kwa mkono ule ule.

Nazungumza na mtu ambaye maumivu yake yamekwisha kuvuka ile hatua ya kusema "labda nimeulalia vibaya". Yamekaa miezi, pengine miaka. Sikukuu yanapungua, kazi ikirudi nayo yanarudi. Nimemchukua fundi cherehani kuwa mfano kwa sababu kazi yake ina kila kinachouchosha mkono: kubana, kurudiarudia, kupinda kifundo cha mkono, na mteja anayesema nguo anaitaka leo. Msukuma chapati, kinyozi, mwashi, dereva wa bodaboda na karani wa kompyuta watajiona humo humo.

Wala si maradhi ya juzi. Kitabu cha daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali kilitoka mara ya kwanza mwaka 1700 na kupanuliwa mwaka 1713. Humo anamtaja mwandishi wa hati aliyechoka mkono wa kulia kwa kuandika maisha yake yote. Bwana yule akajifunza kuandika kwa kushoto, na haukupita muda mrefu mkono wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa ule ule. Kila ninapomsikia mtu akisema "nitahamia mkono wa pili", namkumbuka. Kuhamisha mzigo ni jambo la kusaidia kwa muda. Mzigo wenyewe usipopunguzwa, utakuwa na mikono miwili ya kuuguza.

Anza na mkasi

Fundi hujua mkasi ni butu siku unapotafuna kitambaa. Mkono ulikwisha kujua wiki nyingi kabla, kwa kulazimika kubana zaidi na zaidi. Kwa hiyo usingoje kitambaa kitafunwe; panga siku ya kunoa kama unavyopanga siku ya kulipa pango. Wanoaji wanaopita mitaani na baiskeli wanafaa kwa visu vya jikoni, lakini mkasi wa fundi mpelekee mtu anayejua pembe ya makali yake, maana ukisagwa kama kisu hautashika tena kitambaa. Mkasi wa nguo usikate karatasi za patani wala kamba za mzigo. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu ya katikati, halafu ujaribu hivi: shika mpini mmoja, mwingine uinue kisha uuachie. Ukishuka wenyewe taratibu, skrubu iko sawa. Ukigoma kabisa, ilegeze kidogo, kwa sababu kila mkato unapigana na skrubu kabla haujapigana na kitambaa.

Kuna na namna ya kukata. Lalisha kitambaa mezani na uache ubapa wa chini wa mkasi uteleze juu ya meza. Usiunyanyue mkasi hewani pamoja na nguo. Ingiza kitambaa ndani, karibu na skrubu, kwa sababu pale nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko kwenye ncha. Ncha ziachie kona na alama. Drili ya sare usiikate tabaka nne kwa mpigo. Najua inaokoa muda. Muda unaookolewa asubuhi unalipwa usiku, pale usingizi unapokatika kwa mchomo wa kiwiko.

Meza ya kukatia iwe chini kidogo ya viwiko vyako ukiwa umesimama mabega yamelegea. Ikiwa fupi, iinue miguu kwa matofali. Anayekatia sakafuni anainama, bega linaning'inia, na kifundo kinapinda kila mkato. Na kifundo kilichopinda huku vidole vinabana ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mkono. Pete za mkasi zikiwa nyembamba, zizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli au kitambaa laini, kwa kuwa chuma chembamba kikikandamiza ubavu wa dole gumba kila siku kinaweza kulitia ganzi.

Kufumua nako kuna madhara zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mafundi wengi hufumua kwa kiwembe, na kiwembe hubanwa kwa ncha za vidole viwili. Kubana kwa ncha kunazichosha kano kuliko kushika kwa kiganja kizima. Nunua kifaa cha kufumulia chenye mpini, na mpini wenyewe uuneneshe kwa kuuzungushia mpira. Pasi ya mkaa iwekee mahali pa kuitua palipo sawa na meza, ili uitelezeshe kando badala ya kuiinua na kuishusha kila dakika.

Oda ikiwa kubwa, mathalani sare za shule nzima, tafuta mwenye mashine ya kukatia umlipe. Watu huona ni hasara. Piga hesabu ya siku ambazo mkono utakataa kazi baada ya hapo, ndipo useme ni hasara.

Mkono unahesabu vyote

Kosa kubwa ninaloliona kwa wenye maumivu haya ni kuhesabu kazi ya dukani peke yake. Mtu anapunguza kukata, anashangaa mbona nafuu haiji, kumbe Jumamosi alifua mablanketi. Kano hazina habari kama kazi ni ya kulipwa au ya nyumbani.

Kukamua ndiko ninakokuogopa zaidi. Kiganja kinabana, kigasha kinasokota, na nguo ikiwa nzito kama jinzi, kano za upande wa nje wa kiwiko na zile za dole gumba zinavutwa kwa pamoja. Acha kukamua nguo nzito. Ikunje, ikandamize kwa viganja vyote viwili kwenye ukingo wa beseni maji yatoke, kisha ianike ikitiririka, jua litamaliza. Kukuna nazi kuna msokoto wa namna hiyo hiyo: umekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, kifundo kinazunguka mara mia. Pale sokoni penye mashine ya kukuna, peleka nazi zako. Pasipo na mashine, kikune kifuu kimoja, fanya jambo jingine, ndipo urudie cha pili, au mwachie kijana wa nyumbani. Hakuna sheria inayosema nazi ikunwe na mama tu.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji zinazoning'inia kwenye waya mwembamba. Ijaze nusu, utembee mara mbili. Sufuria ya ugali ishushe mahali pa chini, mwiko uwe mrefu, na usonge kwa bega na kiwiliwili. Mwenye mtoto mchanga asimnyanyue kwa kumshika makwapani dole gumba likiwa limepanuka. Apitishe viganja chini, mmoja matakoni na mwingine mgongoni. Maumivu ya kifundo upande wa dole gumba huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga, na daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyaeleza mwaka 1895; mpaka leo yanaitwa kwa jina lake.

Na simu. Fundi anayeumwa dole gumba mchana kutwa, usiku anaandika kwa dole gumba lile lile. Tuma ujumbe wa sauti. Ukilazimika kuandika, tangu mwaka 2017 Google inapokea Kiswahili kwa kuandika kwa sauti. Unaongea, simu inaandika. Inakosea majina ya watu na alama za uandishi hazijui vizuri, lakini kusahihisha maneno matano ni afadhali kuliko kuandika mia. Na karani wa kompyuta? Huyo naye ainue kiti mpaka viwiko viwe sawa na baobonye, akisogeze kipanya karibu na mwili, na akishike kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Sasa, upangaji. Mafundi wengi wana siku ya kukata: Jumatatu mkasi tangu asubuhi, siku zinazofuata kushona. Kwa mkono mzima ni mpango mzuri. Kwa mkono mgonjwa, huo ndio mpango wa kuvunja. Kata suruali mbili, weka mkasi chini, keti kwenye cherehani ushone. Kata nyingine mbili. Hesabu kwa nguo, si kwa dakika, kwa sababu hakuna anayeangalia saa mteja akiwa amesimama mlangoni. Na uache kabla ya kuumwa. Anayesubiri maumivu ndipo apumzike, mara nyingi huwa amekwisha kupitiliza.

Utajuaje kiasi kinachokufaa? Sikiliza kesho asubuhi. Maumivu madogo wakati wa kazi, yakiisha kabla ya asubuhi inayofuata, yanavumilika. Ukiamka mkono una hali mbaya kuliko jana asubuhi, jana ulizidisha. Daftari la vipimo unalo tayari. Ukurasa wa nyuma chora safu tatu: tarehe, ulichofanya, na namba ya asubuhi kutoka 0 hadi 10. "Suruali sita, blanketi mbili; 7." "Vifungo tu, 3." Wiki chache zikipita, utaona mwenyewe ni kazi gani inayokuumiza, na mara nyingi siyo uliyoidhania.

Kinachouma ni nini

Vidole vinavutwa na misuli iliyoko kwenye kigasha, kwa kupitia kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Kano hupona taratibu kuliko misuli. Zikipewa kazi leo kabla hazijamaliza kujitengeneza baada ya kazi ya jana, na ikawa hivyo kwa miezi, nyuzi zake zinapoteza mpangilio. Katika hatua hiyo mara nyingi uvimbe wa kawaida haupo tena au ni mdogo, na ndiyo sababu dawa za kutuliza uvimbe hukatisha tamaa. Zaidi ya hapo, maumivu yakikaa sana, mfumo wa fahamu wenyewe unakuwa mwepesi wa kupiga kelele, hata kwa jambo dogo. Kusema hivyo si kusema unajifanya. Maumivu ni ya kweli. Ila hayapimi tena kwa usahihi ukubwa wa jeraha.

Eneo linaeleza mengi. Maumivu upande wa nje wa kiwiko, yanayozidi ukiinua birika kiganja kikitazama chini, ni ya kano za kuinulia kifundo. Ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukikung'uta mkono ipate kupungua, ni ya neva iliyobanwa kwenye mfereji wa kifundo. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake hutoka mara nyingi kwenye neva inayopita nyuma ya kiwiko. Kwa ganzi ya vidole vitatu, vaa usiku gango la kunyoosha kifundo, lisibane. Mkono uliopinda usingizini unaibana neva kwa saa nyingi. Kwa ile ya kidole cha mwisho, zungushia taulo kwenye kiwiko ili usilale umekikunja.

Kuna hali za kwenda hospitali bila kungoja: ganzi isiyoondoka mchana kutwa, kuangusha vitu, nyama ya chini ya dole gumba kubonyea, kiungo kuvimba na kuwa cha moto hasa pamoja na homa, au maumivu yanayoanzia shingoni na kuulegeza mkono. Mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho, hilo ni la moyo mpaka daktari aseme vingine. Ukienda, omba upimwe sukari na tezi ya shingo. Kisukari, tezi inayofanya kazi chini ya kiwango na ujauzito vyote huongeza uwezekano wa neva kubanwa kwenye kifundo, na gango peke yake halitatibu sukari.

Kuurudishia nguvu

Kuufunga mkono na kuupumzisha mwezi mzima hupunguza maumivu, kisha unarudi kazini na kano dhaifu kuliko ulivyoondoka nazo. Kano hupona kwa kupewa mzigo, mdogo kwanza, unaopanda polepole. Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana karibu, mwone. Hospitali nyingi za mikoa na kaunti zinao. Asipopatikana, kwa maumivu ya upande wa nje wa kiwiko anza hivi.

Keti kando ya meza. Laza kigasha cha mkono unaouma juu yake, kiganja kikitazama chini na kikining'inia nje ya ukingo, umeshika chupa ya nusu lita yenye maji. Kwa mkono mwingine usiouma, kiinue kiganja chenye chupa hadi juu. Uondoe mkono huo, kisha ishushe chupa polepole sana, ukihesabu mpaka tano. Inua tena kwa msaada, shusha tena. Fanya mara kumi, pumzika, rudia mafungu mengine mawili. Siku moja fanya, siku moja acha. Ikiuma mno hata hivyo, acha kuishusha: shikilia tu chupa ikiwa imetulia, kifundo kimenyooka, kwa nusu dakika, mara nne au tano. Wiki mbili zikipita bila asubuhi mbaya, mwaga maji kidogo kidogo ukijaza mchanga, kwa sababu mchanga ni mzito zaidi ndani ya chupa ile ile. Usitazamie mabadiliko kabla ya wiki sita. Miezi mitatu ndiyo kipimo cha haki. Mwenye ganzi zaidi ya maumivu asianze na zoezi hili, amwone daktari kwanza.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia siku chache mkono ulipochacha. Kuzimeza mwezi baada ya mwezi kutoka duka la dawa ili umalize oda ni kuhatarisha tumbo, figo na shinikizo la damu, na ukishaizima kengele ya maumivu unakata zaidi ya kipimo chako. Mafuta ya kuchua hayana ubaya ukichua taratibu. Kukandwa kwa nguvu mpaka ulie kunachochea. Sindano ya steroidi kwenye kiwiko inahitaji kufikiriwa mara mbili: wiki za mwanzo nafuu huwa kubwa, lakini tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa mwaka ziliwakuta waliodungwa wakiwa nyuma ya wasiodungwa. Kwa neva ya kifundo hesabu ni nyingine, sindano inaweza kufaa, na upasuaji mdogo wa kuufungua mfereji una matokeo mazuri kwa wengi. Mwulize daktari anakudunga kwa ajili ya kano au ya neva.

Nyumbani, tatizo ni kwamba mkono huu hauna bandeji wala kovu. Watu wanauona mzima. Kusema "naumwa" kila siku kunawachosha nao, afadhali uombe jambo moja lenye jina: "Ndoo za maji ni zako mpaka mwezi uishe." Siku mkono utakapochacha, na utachacha, usianze kutafuta mganga mpya. Punguza kazi nusu kwa siku mbili tatu, gango usiku, zoezi rudi kwenye chupa ya maji, kisha panda tena taratibu.

Aliyeajiriwa kiwandani ana njia nyingine. Orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inataja maumivu ya kano za kifundo na kiwiko na kubanwa kwa neva ya kifundo kunakotokana na kazi ya kurudiarudia kwa nguvu. Tanzania upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaochangiwa na mwajiri. Kenya ipo Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Mwarifu msimamizi kwa maandishi mapema, ubaki na nakala, na ukienda hospitali mweleze daktari kazi yako kwa vitendo: unakata nini, unarudia mara ngapi, umekaa au umesimama. Daktari akiandika "maumivu ya mkono" tu, karatasi hiyo haitakusaidia popote.

Fundi aliyejiajiri hana wa kumwarifu ila wateja wake, na hao nao wanafundishika. Pokea sare za Januari kuanzia Novemba, kwa malipo ya awali, na uandike idadi ya nguo unazoweza kukata kwa wiki kwa mujibu wa daftari lako, si kwa mujibu wa tamaa. Idadi ikijaa, imejaa. Mwanafunzi wako akijua kukata drili, mkabidhi mkasi na umwongezee ujira wake. Vipimo na kola baki navyo wewe. Mzazi atakayetokea siku mbili kabla ya shule kufunguliwa na watoto watatu, mpe tarehe ya mwisho wa mwezi, au mpeleke kwa jirani.